Nani Alikuwa Akimlipia Kodi?

Jumatatu moja mwezi Novemba, binti ninayemfundisha klarineti alikuja mdomo wa chini umechanika. Aliniamkia, akafungua begi, akaunganisha klarineti yake kipande kwa kipande, akalowesha ule mwanzi mwembamba kwa ulimi kama nilivyomfundisha. Alipopuliza noti ya kwanza nikaona machozi yanamlengalenga.

Jumamosi walikuwa na harusi tatu. Anayeishi Dar ameshaiona picha: pikapu mbele ya msafara, vijana sita au saba wamesimama nyuma na matarumbeta na ngoma, kutoka kanisani hadi ufukweni kupiga picha, kutoka ufukweni hadi ukumbini. Yeye ndiye saksafoni. Gari likiruka tuta, chombo kinapanda, jino linashuka, na mdomo uko katikati.

Nikamwambia jambo nililokuwa nimeliahirisha miezi mingi. Anauma. Ndiyo maana mdomo unachanika, na ndiyo maana sauti zake za juu zinabana kama mlango wenye kutu. Inambidi abadilishe namna anavyoshika chombo mdomoni, na kubadilisha huko ni kurudi mwanzo kabisa. Wiki sita, pengine nane, atasikika kama mtu aliyekiokota chombo jana.

Kisha nikamsimulia habari za Benny Goodman, kama ninavyowasimulia wanafunzi wangu wote. Mpiga klarineti wa Marekani aliyeitwa mfalme wa swingi, ile jazi ya kuchezea dansi, tajiri, jina lake linajulikana dunia nzima, akiwa na miaka 40 akaenda kukaa mbele ya mwalimu na kuomba afundishwe upya kupuliza klarineti.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, bila ukali wowote:

"Mwalimu, na hiyo miezi aliyokuwa anajifunza upya, nani alikuwa akimlipia kodi?"

Sikuwa na jibu.

## Hadithi niliyoizoea

Hadithi yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1949 Goodman alianza masomo kwa Reginald Kell, mpiga klarineti Mwingereza aliyekuwa amehamia Marekani. Kwa zaidi ya miaka 25 Goodman alikuwa ameweka meno ya juu moja kwa moja juu ya chombo, kama tunavyofanya wengi wetu. Kell alikunja midomo yote miwili, wa juu na wa chini, kufunika meno. Sauti inakuwa laini zaidi, yenye kupumua. Lakini misuli ya uso inayofanya kazi hiyo ni mingine kabisa, na haijawahi kufanya kazi maishani mwake. Goodman alibadilisha mdomo, akabadilisha na vidole. Inasimuliwa kwamba hata sugu za vidoleni aliziondoa, ili ngozi ianze kuyasikia matundu upya.

Mimi niliipata hadithi hiyo kwa mzee aliyenifundisha, mstaafu wa bendi ya polisi, na yeye aliitumia kama fimbo. Ukilalamika kwamba zoezi ni gumu, unatajiwa Goodman. Nami nikairithi ile fimbo. Nimeishika miaka ishirini na zaidi.

Sikuwahi kuuliza habari za kodi.

Baada ya Jumatatu ile nilirudia kila nilichokuwa nacho kuhusu yule bwana, usiku kwa usiku, nikisikiliza na kusoma. Nilitaka kumletea binti yule jibu la kweli. Kadiri nilivyotafuta ndivyo nilivyoona kwamba swali lake lilikuwa limekaa katikati ya maisha ya Goodman siku zote, na mimi nilikuwa nalizunguka tu.

## Mdogo kuliko wote

Goodman alizaliwa Chicago mwaka 1909, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka katika himaya ya Urusi. Baba, David, aliwahi kufanya kazi ya kuzoa kwa koleo mafuta ya nguruwe kwenye machinjio ya mji ule, na kwa ushonaji vilevile. Familia ya watu kumi na wanne kwa ujira wa namna hiyo. Nadhani msomaji wangu hahitaji kuelezwa zaidi.

Baba akasikia kwamba sinagogi moja inakodisha vyombo na kufundisha watoto kwa senti chache. Akawapeleka wanawe watatu. Vyombo viligawiwa kwa ukubwa wa mwili: Harry, aliyekuwa mkubwa, akapewa tuba, Freddy akapewa tarumbeta, na Benny, mwenye miaka kumi na mwili mdogo kuliko wote, akaangukiwa na klarineti.

Hapo nilisimama muda mrefu. Ile klarineti iliyokuja kuandikiwa muziki na watunzi wakubwa wa karne nzima ilimfikia kwa sababu tuba ingemwelemea.

Baadaye akapata bahati ya pili: Franz Schoepp, mwalimu Mjerumani aliyefundisha kwa mtindo wa kale wa klasiki, mkali, mwenye vitabu vya mazoezi. Kwa hiyo msingi wa Goodman ulikuwa wa klasiki tangu utotoni. Lakini akiwa na miaka 14 alikuwa tayari ana kadi ya chama cha wanamuziki na anapiga dansi kwa malipo. Nyumbani kulikuwa na midomo mingi. Klasiki ilikuwa mafunzo, dansi ikawa chakula.

Baba yake hakuwahi kuona yaliyofuata. Mwezi Desemba mwaka 1926 aligongwa na gari akafa, wakati ambapo wanawe walikuwa wameanza kupata fedha na wakimsihi aache kazi apumzike.

## Usiku wa Palomar

Kila mpenzi wa swingi anaujua usiku wa tarehe 21 Agosti 1935. Bendi ya Goodman ilikuwa imevuka Marekani kwa magari, na njiani ilikuwa imekutana na kumbi baridi. Kule Denver watu walichukizwa kabisa. Wakafika Los Angeles, ukumbi wa Palomar, wamechoka. Wakaanza na vipande vya kawaida, laini, vya kuwaridhisha wazee. Ukumbi ukapoa. Wakaamua kwamba kama ni kufa basi wafe wakipiga wanachokipenda, wakatoa noti za moto. Watu wakaacha kucheza, wakasogea jukwaani, wakapiga kelele.

Sababu yake ilikuwa ya kawaida mno. Miezi kadhaa kabla, bendi ilikuwa ikipiga katika kipindi cha redio cha NBC kilichorushwa kutoka New York, na zamu yao ilikuwa ya mwisho, usiku wa manane, wakati watu wa mashariki wamelala. Lakini California saa ziko nyuma. Usiku wa manane wa New York ulikuwa saa ya vijana wa Los Angeles kukaa sebuleni na kusikiliza. Walikuwa wameshazikariri zile nyimbo kabla bendi haijawasili.

Basi nikasema, hili ndilo jibu. Palomar ndiyo iliyomlipia kodi. Kuanzia usiku ule fedha zilikuja, na fedha hizo ndizo zilizomwezesha miaka 14 baadaye kukaa mbele ya Kell bila hofu. Nikataka kuishia hapo nimpigie simu mwanafunzi wangu.

Lakini zile noti za moto aliziandika nani?

## Bwana Henderson

Fletcher Henderson alisoma kemia na hisabati Chuo Kikuu cha Atlanta, akaenda New York mwaka 1920 akitaka kuendelea na kemia. Kwa mtu mweusi wa wakati ule hapakuwa na maabara iliyomngoja. Akaingia kwenye muziki kwa sababu alijua piano, na kwa miaka kumi na zaidi akaongoza mojawapo ya bendi kubwa kabisa za New York. Louis Armstrong alipita kwenye bendi hiyo. Coleman Hawkins alikaa humo miaka mingi. Ule ufundi wa kuzigawa saksafoni upande huu na tarumbeta upande ule, huyu akiuliza na yule akijibu, ulipikwa kwa sehemu kubwa ndani ya bendi ya Henderson.

Mwishoni mwa 1934 bendi yake ilivunjika. Fedha ziliisha.

Na wakati huohuo kipindi cha redio cha Goodman kilikuwa na bajeti ya kununua mipangilio mipya ya nyimbo, iliyoandikwa kwa noti, kila wiki. Henderson akauza. Noti zilizowasimamisha watu Palomar zilikuwa zake, nyingine ameshazipiga na bendi yake mwenyewe miaka ya nyuma kwenye kumbi zilizomlipa kidogo. Kwa haki niseme kwamba Goodman hakulificha jambo hilo. Alimtaja Henderson na kumsifu, na mwaka 1939 akamchukua kwenye bendi yake. Lakini aliyekuwa kiongozi sasa alikuwa mwajiriwa.

Nilipofika hapo swali la binti yule lilianza kuniuma kwa namna nyingine. Kama Palomar ndiyo iliyolipa kodi ya Goodman, basi katika kila shilingi ya kodi ile mlikuwa na mkono wa Henderson. Na yeye Henderson, laiti angetaka kupumzika miezi minane ajifunze kitu upya, angeegemea wapi?

Sisemi Goodman alimwibia. Alinunua, alilipa, alitaja jina. Ninachosema ni kwamba nimeisimulia hadithi ya mtu mmoja miaka yote hii, na kumbe nyuma yake kuna watu wamesimama gizani wameshika noti.

## Mozart baada ya dansi

Kuna tukio dogo ambalo sasa nalipenda kuliko lile la Kell.

Siku moja kwenye miaka ile ya moto, Goodman alikubali kurekodi kazi ya Mozart ya klarineti na nyuzi nne. Alikuja kutoka kwenye dansi ya usiku, amesafiri, hajajiandaa. Akakaa na wapigaji wa nyuzi ambao maisha yao yote ni muziki huo. Wakaanza. Baada ya muda mfupi akaelewa kwamba hapa sipo. Akawashukuru akaondoka.

Nimewahi kupiga harusi hadi saa tisa usiku na asubuhi nikatakiwa kanisani kusindikiza kwaya. Najua mdomo unavyokuwa. Unakuwa kama si wako. Kwenye dansi unasukuma hewa ili uisikie sauti yako juu ya ngoma. Ukija kwenye Mozart unatakiwa uizuie hewa hiyohiyo, uitoe kama uzi kwenye tundu la sindano. Watu hudhani tofauti ya jazi na klasiki iko kwenye kusoma noti au kutosoma. Goodman alisoma noti tangu mtoto. Tofauti ilikuwa kwenye pumzi na misuli, na kwenye usiku aliotoka kuupitia.

Mwaka 1938 alirudi akiwa amejiandaa, akaurekodi ule muziki pamoja na kundi la wapigaji wa nyuzi la Budapest. Ni mwaka uleule ambapo, tarehe 16 Januari, bendi yake ilipiga Carnegie Hall, jumba la klasiki, pamoja na wageni kutoka bendi za Count Basie na Duke Ellington. Na mwaka huohuo mtunzi Béla Bartók alimwandikia kipande yeye na mpiga fidla Joseph Szigeti. Ukitazama kwa mbali unaona mtu anayepaa. Ukisogea unaona mtu anayekimbia kati ya nyumba mbili, na kila nyumba inamwona ni mgeni.

Bado sijui kama ningemshauri mwanafunzi wangu kuishi hivyo.

## Dola 2,000

Mwaka 1947 Goodman alimwagizia mtunzi Aaron Copland koncheto ya klarineti, yaani kazi ya klarineti ikisindikizwa na okestra, kwa dola 2,000, na haki ya kuwa mpigaji pekee kwa miaka miwili. Copland aliimaliza mwaka 1948. Goodman aliipiga kwa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1950, redioni, na okestra ya NBC chini ya Fritz Reiner.

Hesabu mwenyewe. Kazi imekwisha 1948. Mwaka 1949 anakwenda kwa Kell. Ndipo 1950 anaipiga. Siwezi kusema jambo moja lilisababisha lingine, lakini mtu yeyote aliyewahi kuwekewa noti ngumu mezani anajua zinavyokutazama unapopita.

Na kuna jambo ambalo sikuwahi kuwasimulia wanafunzi, nadhani kwa sababu liliharibu fimbo yangu. Copland alilegeza sehemu ya mwisho ya koncheto ile. Kwenye maandishi yake alibakiza maelezo kwamba toleo la kwanza lilibadilishwa kwa kuwa lilikuwa gumu mno kwa Benny Goodman. Mpiga klarineti maarufu kuliko wote duniani, na pembeni ya noti pameandikwa hivyo kwa jina lake.

Nilikuwa naona aibu kwa niaba yake. Sasa siioni. Alitoa fedha zake mwenyewe ili aandikiwe kitu kilichomzidi.

Fedha zake, ndiyo. Na nisilifiche la nyumbani kwake: mwaka 1942 alimwoa Alice Hammond, dada yake John Hammond, mtayarishaji wa rekodi za jazi, kutoka ukoo wa akina Vanderbilt, miongoni mwa matajiri wakubwa wa Marekani. Kwa hiyo mwaka 1949, alipokuwa akipuliza noti moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya Kell, hakuwa na mwenye nyumba anayegonga mlango.

Hilo ndilo jibu la swali, kama ni jibu fupi linalotakiwa.

## Mlango wa upande mmoja

Lakini kodi si ya nyumba peke yake.

Goodman alitoka kwenye dansi akaingia klasiki, na alipobisha alifunguliwa. Fikiria waliokuwa wakienda njia hiyohiyo wakiwa weusi. Teddy Wilson, mpiga piano wa Goodman, alikulia Tuskegee ambako wazazi wake walikuwa walimu, akasoma muziki chuoni. Mguso wake ulikuwa safi, kila noti inasimama peke yake. Alipokaa jukwaani na Goodman mwaka 1936, weupe na weusi pamoja mbele ya watu wanaolipa kiingilio, lilikuwa jambo kubwa kwa Marekani ya wakati ule, na husimuliwa kama ushindi. Ni ushindi kweli. Lakini ushindi wa Teddy Wilson ulikuwa kuruhusiwa kukaa kwenye kiti cha dansi. Kiti cha okestra kubwa ya klasiki hapakuwa na wa kumpa.

Aliyenikaa moyoni zaidi ni Hazel Scott. Alizaliwa Port of Spain mwaka 1920, akahamia New York mdogo sana. Akiwa na miaka minane alipelekwa Juilliard, shule ya muziki ambayo haikupokea mtu wa chini ya miaka 16. Alipiga kipande cha Rachmaninoff, na kwa kuwa vidole vyake havikufika kwenye noti zilizo mbali, aliziweka nyingine za karibu zilizopatana nazo. Mwalimu Oscar Wagner akamchukua amfundishe mwenyewe.

Mtoto wa namna hiyo ungemtazamia akue awe mpiga klasiki. Alikua akawa nyota wa Café Society, klabu ya New York, akichukua akina Bach na Liszt na kuwatia swingi. Watu walimiminika. Alikuwa anaanza kipande kama kilivyoandikwa, wima, halafu mkono wa kushoto unaanza kutembea, na ukumbi unachangamka. Nimesikiliza rekodi zake kwa wiki kadhaa sasa. Mwanzoni nilicheka kwa furaha. Baadaye nikaanza kusikia kitu kingine: mtu anayewaonyesha kwamba anaziweza zote mbili, kila usiku, kwa wasikilizaji ambao hawangelipa kumsikia akipiga ile ya kwanza peke yake.

Labda nakosea. Labda aliipenda njia ile kwa moyo wote, na huzuni hii ni yangu.

Ninalolijua ni kwamba hakukubali kupindishwa. Mikataba yake ilikataza kutenganisha watazamaji kwa rangi, na alipofika mahali akakuta wametenganishwa hakupiga. Mwaka 1950 akapata kipindi chake cha televisheni, mwanamke mweusi mwenye kipindi chenye jina lake, jambo la nadra mno. Septemba mwaka huo alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, akakana tuhuma na kuikosoa kamati. Siku saba baadaye kipindi kilikuwa kimefutwa. Kazi zikapungua. Baadaye akahamia Paris kwa miaka kadhaa.

Miongo mitatu ikapita ndipo Wynton Marsalis, mweusi, mpiga tarumbeta, akachukua tuzo za Grammy za jazi na za klasiki kwa pamoja, mwaka 1984. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini nikisikia jina lake sasa namkumbuka mtoto wa miaka minane ambaye vidole havifiki.

## Kwetu, mwenye vyombo

Hapa kwetu neno Jazz lilikaa kwenye majina ya bendi tangu zamani. Dar es Salaam Jazz Band, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Walipiga dansi, rumba, cha-cha, na neno lenyewe lilibeba maana ya bendi ya kisasa yenye vyombo vya kupuliza. Na swali la kodi kwetu lilijibiwa kwa namna ambayo Henderson angeitamani: mwajiri. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikaunda NUTA Jazz, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa wenye mshahara. Polisi wakawa na bendi, jeshi likawa na bendi. Jina la NUTA limebadilika mara kadhaa hadi Msondo Ngoma ya leo.

Mzee wangu aliishi hivyo. Mshahara wa askari, nyumba ya kota, asubuhi maandamano na nyimbo za gwaride, usiku dansi. Alikuwa na muda wa kufanya mazoezi kwa sababu mazoezi yalikuwa ndiyo kazi. Aliponichapa na ile fimbo ya Goodman, alikuwa anasema kutoka mahali penye mshahara. Sidhani alilifikiria hilo. Mimi pia sikulifikiria.

Lakini vyombo vilikuwa vya mwajiri. Siku alipostaafu alirudisha klarineti stoo, akatia saini, akarudi nyumbani mikono mitupu. Alinifundisha kwa chombo cha kuazima.

## Kodi ya miezi sita

Sasa niseme langu.

Nilipokuwa na miaka 34 nilikuwa napiga saksafoni kwenye hoteli moja ya pwani, usiku sita kwa wiki, nyimbo zilezile kwa wageni wengine kila wiki. Mwalimu mmoja aliyesomea nje alinisikia. Akaniambia yuko tayari kunifundisha klarineti bure kwa mwaka mzima, mdomo upya, vidole upya, kwa sharti niache hoteli, kwa sababu anachokijenga mchana hoteli itakibomoa usiku. Alikuwa na haki kabisa.

Mtoto wetu alikuwa na miezi mitano. Mwenye nyumba alikuwa anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Sikwenda.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiambia kwamba nilikosa unyenyekevu wa Goodman. Nilipowasimulia wanafunzi habari zake nilikuwa nawaambia wasiwe kama mimi, ingawa sikuwahi kulisema hilo wazi. Swali la binti yule lilinipa, kwa mara ya kwanza, njia ya kujisamehe: Goodman alikuwa na Palomar, alikuwa na noti za Henderson, alikuwa na nyumba. Mimi nilikuwa na kodi ya miezi sita.

Nilikaa na msamaha huo karibu wiki nzima. Ulikuwa mtamu.

Halafu nikakumbuka kwamba miaka minne baadaye mambo yalikuwa yametulia. Mke wangu alikuwa na kazi, mtoto anakwenda chekechea, na yule mwalimu alikuwa bado yuko Dar. Sikumtafuta. Kodi ilikuwa sababu ya kweli mwaka wa kwanza. Mwaka wa nne ilikuwa imegeuka kuwa kitu kingine, na mimi niliendelea kuiita kodi.

Kwa hiyo sijui. Goodman angeweza kabisa kutokwenda kwa Kell. Alikuwa na fedha, na wenye fedha wengi hawarudi darasani. Fedha ilimfungulia mlango, haikumsukuma kuingia. Yote mawili ni kweli na hayakai vizuri pamoja kichwani mwangu.

## Msimu usio na harusi

Nilipompigia mwanafunzi wangu nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilitaka kumwomba radhi kwa ile hadithi, kumwambia habari za Henderson, na kwamba asibadilishe mdomo mpaka atakapoona nafasi. Aliniacha nimalize nusu.

"Mwalimu, Desemba siwezi. Desemba ndiyo harusi zote. Lakini Kwaresima Wakristo hawafungi ndoa, na Waislamu hawafungi mwezi wa Ramadhani. Na safari hii zinaanza pamoja. Miezi hiyo hata nikitaka kupiga, nampigia nani?"

Alikuwa ameshalipanga. Wakati mimi nakesha na Palomar, yeye alikuwa anaangalia kalenda.

Ilipoisha Jumatano ya Majivu, Jumatatu yake akaja. Mdomo ulikuwa umepona. Kwenye begi alikuwa na daftari dogo, akanionyesha bila mimi kuuliza: harusi za Desemba na Januari zimeandikwa moja moja kwa tarehe, na kando ya kila moja kiasi alichokitenga. Chini amegawa kwa wiki nane. Nafasi ya ada yangu ilikuwamo. Nikachukua kalamu nikaikata ile mistari, akataka kubisha, nikamwambia aunganishe klarineti.

Akakunja midomo yote miwili juu ya meno. Uso ukawa mgeni, kama wa bibi kizee. Nikamwambia noti moja tu, sol, ndefu, nitahesabu.

Ilitoka hewa tupu. Mara ya pili hewa tupu. Mara ya tatu sauti ikaja, nyembamba, inatetemeka, nikaanza kuhesabu taratibu. Mbili. Tatu. Kwenye nne ikayumba nikadhani imekatika, ikarudi.

Ilifika saba.